Watoro nao walikuwa watu wa zama zile

Haya ndo maneno niliyoyasema Jumamosi jioni ukumbini Kisauni, kuhusu watukufu wetu wa zamani hapa pwani, na kuhusu watumwa na watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao. Vijana wameniomba niyaandike manake wengi walibaki nje, ukumbi ulijaa mapema. Nimeyaacha vile yalivotoka, nimepunguza tu pale niliporudia rudia.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shangazi zangu wa kanisani mlioketi pale mbele, Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo nyote.

Tangu Alhamisi nimepigiwa simu tatu na zote zaniomba kitu kimoja. Ya kwanza ni binamu yangu upande wa baba, mzee wa kanisa, akanambia dada, naskia wataka kumsema Frere, wakumbuka kwamba bila mzungu yule sisi tusingekuwepo? Ya pili mjomba wangu, ndugu yake mamangu, mzee wa miaka 80 na zaidi, huyu hakufoka, alinambia kwa upole mwanangu, maiti husemwa kwa wema, usilifukue kaburi la babu yako mbele za watu. Ya tatu rafiki yangu tuliyefundisha pamoja miaka 19, Mgiriama wa Ganze, yeye akasema mseme umtakaye ila Mekatilili, shujaa wetu Wagiriama, muache. Wote nawapenda, na wote niliwajibu kwamba nitasema, na nikawaalika waje.

Kwa wasionijua, mimi nimefundisha histori hapa Mombasa mpaka nikastaafu. Babangu alizaliwa Frere Town, akasilimu ndo akamuoa mamangu, na mamangu ni mtu wa Mji wa Kale, nyumba ya mashekhe. Kwa hivyo upande mmoja mimi ni mjukuu wa mtu aliyeuzwa na upande wa pili ni mjukuu wa mtu aliyenunua. Nimeishi na hilo tangu utotoni, kwa shangazi naambiwa hivi, kwa bibi naambiwa vile, na kote kuwili kulikuwa na mtu mmoja mkubwa ukutani ambaye huruhusiwi kumuuliza swali.

Nyanyake babangu aliletwa akiwa mtoto. Alitoka huko upande wa ziwa Nyasa, akatembezwa mpaka baharini, akapakiwa jahazini, jahazi likakamatwa na manowari ya Waingereza, akashushwa hapa ng'ambo ya kisiwa, akapewa jina la kizungu siku ya ubatizo. Jina alilopewa na mamake hatulijui. Babangu alimuwahi, alimuona, alikuwa akimuuliza bibi jina lako la kwanza ulikuwa ukiitwa nani, na yeye alikuwa akinyamaza tu au anabadilisha mazungumzo, mpaka akafa nalo. Nianzie hapo, na mtu nisiyejua jina lake, alafu ndo tuje kwa wale ambao majina yao tunayajua sote.

Kila siku mwapita Kengeleni, konda apiga kelele Kengeleni Kengeleni, ile kengele ilikuwa ya kuwaonya watu kwamba waja watekaji. Na kitongoji chenyewe, Frere Town, kimepewa jina la Sir Bartle Frere. Huyu Frere alitumwa Unguja mwanzo wa 1873 na serikali ya Uingereza amshawishi Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa ya baharini, Barghash akakataa, Frere akaondoka bila sahihi. Sahihi aliipata balozi John Kirk tarehe 5 Juni 1873, tena kwa kumtishia Sultani kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Hata hivyo soko la Unguja lilifungwa na Frere ana fungu lake katika hilo, mimi simnyang'anyi. Wamishonari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, wakaja kununua ardhi hapa, na kuanzia 1875 watu waliookolewa baharini wakaanza kushushwa. Nyanyake babangu alikuwa mmoja wa waliofuata. Kwa hivyo binamu yangu asemapo bila Frere tusingekuwepo, asema kweli.

Lakini kweli yenyewe ina nusu ya pili ambayo mimi sikuambiwa na mtu, si shangazi si mwalimu, niliikuta mwenyewe nikiwa nishaanza kufundisha, na siku hiyo sikulala. Mwaka 1877 Frere huyu huyu alipelekwa Afrika Kusini kuwa Kamishna Mkuu. Desemba 1878 akampelekea mfalme Cetshwayo wa Wazulu masharti, moja wapo avunje jeshi lake lote, masharti ambayo hakuna mfalme angeyakubali, na serikali yake mwenyewe kule London haikuwa imempa ruhusa ya vita. Januari 1879 majeshi yakaingia Zululand. Tarehe 22 Januari Wazulu waliwashinda Waingereza pale Isandlwana, dunia nzima ikashtuka, lakini Julai mji wa Ulundi ukachomwa moto, Agosti Cetshwayo akakamatwa na kupelekwa kifungoni Cape. Frere akakemewa na serikali na 1880 akaitwa arudi. Kutoka Unguja mpaka Zululand ni miaka 6 tu! Yaani wakati nyanyake babangu ajifunza kusoma chini ya jina la mkombozi, mkombozi mwenyewe yuko kusini afungulia mizinga watu weusi ambao hawakumfanya kitu.

Nauliza, mtoto wa shule ya msingi wa Frere Town na mtoto wa shule Ulundi wakikutana leo, watazungumza kuhusu mtu mmoja au wawili?

Na hapa hapa pia. Kituo kilikuwa na msimamizi mmoja, Streeter, mwanzoni mwa miaka ya 1880, alikuwa akiwachapa watu viboko na kuwafunga, watu ambao wameletwa hapa waambiwe mko huru, malalamiko yakafika mpaka kwa ubalozi wa Uingereza Unguja, ikawa aibu kubwa, mwishowe akaondoka. Mijini watu waliwaita mateka, na hilo jina liliwaganda, mtu ana miaka 40 ya uhuru bado aitwa mateka. Shangazi zangu mwajua, mpaka sisi tulipokuwa shule kulikuwa na watoto wakitutupia hilo neno.

Sasa mtazame nani alisahauliwa. Kulikuwa na mtu akiitwa William Jones. Alizaliwa Myao, akauzwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India kule Nashik na wamishonari, ndo wale Wabombei walioletwa hapa Rabai na Frere Town kufundisha wenzao. 1885 Jones alifuatana na Askofu Hannington safari ya Uganda. Hannington akauawa Busoga Oktoba mwaka huo, na leo ni shahidi wa kanisa, ana makanisa na shule zenye jina lake. Waliobaki wa msafara ule, waliorudi kwa miguu mpaka Rabai na njaa na maradhi, waliongozwa na Jones. Na hapo Rabai, Jones ndo aliyekuwa akiwapokea watoro. Watumwa waliowakimbia mabwana zao walikuja kwake mmoja mmoja usiku, akawaficha, wakalima, wakajenga, huku wakubwa wa misheni wakiogopa kugombana na matajiri wa mji. Haya, nani hapa alishawahi kusikia jina la William Jones? Naona mikono miwili. Na Hannington? Haya.

Alafu kuna jambo la pesa, hili nataka vijana mlishike vizuri manake ndo chanzo cha haya mashida ya ardhi. Tarehe 1 Januari 1889 Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aliwapa hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na misheni nyingine, na ilikuwa sherehe kubwa, ikaandikwa magazetini Ulaya. Fidia ililipwa. Walilipwa mabwana. Ikaja 1907, serikali ikafuta utumwa kisheria hapa pwani, miaka 10 nyuma ya Unguja, fidia ikalipwa tena, wakalipwa tena mabwana. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani, ambayo mwenye karatasi na mashahidi aliandikishiwa shamba lake, na yule aliyelilima hilo shamba maisha yake yote na mamake kabla yake akatoka na jembe mkononi. Huyo ndo babu wa yule aitwaye skwota leo. Nyumba ya babangu mpaka leo haina hatimiliki na nimezunguka ofisi mpaka viatu vimekwisha, sitasema ofisi gani. Kwa hivyo mtu akinambia mambo ya kale tuyaache, namuuliza, risiti ya kodi ya ardhi nimpe nani?

Sasa niende upande wa mamangu, na hapa mjomba naomba radhi mapema.

Babu yake bibi yangu alikuwa shekhe. Hakuwa shekhe wa jina tu, alisomesha Kurani bila kuchukua hata pesa moja, alilea mayatima, alitoa shamba wakfu, watu mpaka leo wenda kaburini kwake kumuombea na kuomba dua. Nimelelewa nikiambiwa ukimtaja useme rahimahullah, na nasema rahimahullah kwa moyo wangu wote. Bibi alikuwa na kasha la mbao, na alipokufa mamangu akalifungua tugawane nguo, chini kabisa tukakuta karatasi imekunjwa mara nne, ya wasia, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu. Minazi kadhaa, maembe kadhaa, nyumba, kisima. Alafu majina. Majina ya watu, yamepangwa mstari mmoja na minazi. Na ni yale majina ambayo mtu hampi mwanawe wa kumzaa, jina la siku, jina la johari, jina la manukato, manake mtumwa alipewa jina vile unavyompa kitu. Wawili kati yao waandikwa waachwe huru nikifa. Wengine wanne wagawanywa kwa warithi.

Mamangu aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, akaikunja, akasema zama zao hizo. Na mimi nilikubali. Miaka mingi nimekubali, hata darasani mwanafunzi akiniuliza nilijibu hivyo, usiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Ni jibu zuri, lasikika kama hekima, na mwalimu apata kuendelea na somo.

Lakini kuna siku nilikuwa nikifundisha kuhusu Fuladoyo. Fuladoyo ni huko bara, nchi ya Wagiriama, watoro walipokimbilia wakajenga kijiji chao pamoja na Wagiriama wachache waliokuwa wameshika Ukristo, wakalima, wakajitawala wenyewe. 1883 watu wa pwani wakakivamia na kiongozi wao David Koi akauawa. Wengine walikimbilia Witu kwa Sultani Ahmed, yule Simba. Wengine wakajificha misituni. Basi msichana mmoja akainua mkono, mtoto mkimya sana, akauliza, mwalimu, hawa watoro waliishi zama gani?

Nilisimama pale na chaki. Waliishi zama hizo hizo! Waliishi mwaka huo huo, mji huo huo, waliskia adhana hiyo hiyo na kengele hiyo hiyo. Tukisema zama zile watu hawakujua kama ni kosa, huwa twahesabu nani kuwa watu? Yule aliyefungwa mnyororo alijua. Yule mama aliyembeba mwanawe mgongoni usiku kucha kutoka mashamba ya Takaungu kwenda Rabai hakungoja karne nyingine imfundishe. Mizani ya leo ilikuwepo, ilikuwa mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewauliza wanapima vipi.

Na babu yangu shekhe, huyu alijua pia, na hili ndo laniuma zaidi, manake alikuwa akisomesha watoto Surat al-Balad kila siku ya Mungu, ile njia ya mlimani, na wajua njia ya mlimani ni nini? Fakku raqaba, kumuacha huru mtumwa. Alisomesha hiyo aya, akaifasiri, na ndo maana aliwaacha wawili. Basi wale wanne je? Siwezi kusema hakujua. Naweza kusema alijua akafanya nusu, na mimi najua mtu wa kufanya nusu ni mtu gani, tumejaa tele mjini. Lakini hao wanne walirithiwa, na watoto wao, na hiyo nusu wao ndo walioibeba.

Mjomba aniambia maiti husemwa kwa wema. Naam, na nimeifuata kwa babu, nimesema wema wake wote na sikupunguza. Lakini mjomba, wale sita nao ni maiti. Nani aliyewasema kwa wema? Kila mwaka tukimsomea babu khitma, biriani yapikwa, watu waja kutoka Malindi na Lamu, na sijasikia hata siku moja jina moja la wale sita likitajwa kwenye dua. Mwaka jana niliomba yatajwe. Nikaambiwa tutaangalia.

Kuna wanaodhani kumuuliza mtu mtukufu ni uasi wa dini. Sayyidna Abubakar alipopewa ukhalifa alisimama akawaambia watu, nikifanya vizuri nisaidieni, nikikosea ninyosheni. Huyo ni Abubakar! Sasa huyu babu yangu wa juzi na hawa wazungu wa misheni ni nani wasiulizwe. Na ndugu zangu wa kanisani, Paulo aliandika watumwa wawatii mabwana zao, na kitabu hicho hicho chaeleza Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Wahubiri wengine waliwasomea watu ule mstari wa kwanza, watoro wakashika ile hadithi ya pili wakatembea nayo usiku.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kadhi mkuu wetu, alianzisha gazeti la Sahifa 1930 na Al-Islah 1932, na humo aliwasema watu wake mwenyewe, Waswahili na Waarabu wa mji huu, kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, uvivu wao, israfu yao, kushikilia ada zisizo na mashiko. Hakupendwa na kila mtu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, 1966 Nkrumah alipopinduliwa aliandika makala kwenye jarida moja Kampala, wakati Waafrika wengi wamlilia Nkrumah kama baba. Akasema Nkrumah alitaka kuwa Lenin wa Afrika na wakati huo huo akawa kama Czar wa Ghana, kwamba kwa kuleta uhuru alikuwa mkubwa, kwa kuipigania Afrika iungane alikuwa mkubwa, ila kwa alivyowatawala Waghana wenyewe hakuufikia ukubwa huo. Alitukanwa sana kwa hayo. Lakini kulikuwa na watu waliofungwa bila kesi kwa sheria ya 1958, na J.B. Danquah, mmoja wa wapigania uhuru wenyewe, alifia jela Februari 1965. Hao nani angewasemea? Na leo Profesa amezikwa makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus, na barabara ifikayo huko ni Nkrumah Road. Mimi nikipita pale hupunguza mwendo. Twaweza kumpa mtu barabara na tukamuuliza swali.

Na kwa sababu nimetaja Mazrui, nimseme Mbaruk bin Rashid wa Gasi pia, naye ni wa ukoo huo. Vijana siku hizi wampenda, shujaa aliyepigana na Waingereza 1895, ngome yake ya Mwele ikavunjwa, wakaletwa askari kutoka India, Aprili 1896 akavukia upande wa Wajerumani, akafia Dar es Salaam. Kweli alipigana, na kweli alionewa. Lakini mashamba ya Gasi yalilimwa na watumwa, na kabla ya Waingereza Wadigo na Waduruma walishaionja bunduki yake. Na Waingereza waliompiga, wakijiita wakombozi, mwaka huo huo 1895 Hardinge, mkuu wao huku, aliwaahidi matajiri wa pwani kwamba sheria na desturi zao hazitaguswa, na utumwa ulikuwa ndani ya hiyo desturi. Kwenye vita vile mie sioni upande wa watumwa kabisa, ingawa waliokufa kwa ajili ya Mbaruk wengi wao walikuwa watumwa wake na watoro waliojiunga naye.

Rafiki yangu wa Ganze, nimekuona, usiondoke. Mekatilili nitamsema kidogo. Mwanamke mjane, 1913, ainua nchi nzima ya Wagiriama dhidi ya kodi na kazi za lazima, afungwa, apelekwa Kisii, atoroka arudi kwa miguu. Mimi namheshimu kuliko Frere na Mbaruk wote wawili. Lakini viapo vile vya Kaya Fungo, kile kijiji kitakatifu cha Wagiriama, viapo viitwavyo fisi na mukushekushe, viliapishwa watu ambao wengine walikuwa na hofu mbili, hofu ya serikali na hofu ya kiapo, na wale wazee waliopewa uhedimani, ule uchifu wa serikali, si wote walikuwa wasaliti, wengine walikuwa wanawatafutia watoto wao usalama. Na Wanje wa Mwadorikola, aliyefungwa naye, akapelekwa Kisii naye, akarudi naye, nani humuimba? Agosti 1914 kaya ikalipuliwa, nyumba zikachomwa, faini ikatozwa. Stori ya mtu mmoja ni rahisi kuimba, ila aliyechomewa ghala la mahindi ana haki ya kusikizwa hata na wajukuu wa shujaa. Ni hayo tu, na nina hakika Mekatilili mwenyewe angenisikiza kuliko wewe.

Najua wengine mwangoja niseme tufute majina. Mwaka 2020 watu wa Bristol walivuta sanamu ya Colston, mfanyabiashara wa watumwa, wakaitupa bandarini. Chuo kikuu cha Ghana 2018 waliiondoa sanamu ya Gandhi kwa yale aliyoandika kuhusu watu weusi alipokuwa Afrika Kusini. Siwalaumu. Hapa kwetu lakini, sanamu si nyingi, tuna majina ya mitaa, kaswida, mahubiri na ziara, na hivo havivutwi kwa kamba. Frere Town ikibadilishwa jina kesho nitasikitika, manake ndo jina nyanyake babangu alilolijua kama kwao, hakuwa na kwao kwingine. Ninachotaka ni kwamba mtoto akiuliza pale Kengeleni aambiwe yote, ya Unguja na ya Zululand, na ya viboko, na ajue kulikuwa na William Jones. Nataka mwalimu wa madrasa amsifu babu yangu na aseme pia alikuwa na watu sita. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ipo pia, ina mambo ya ardhi ya pwani na wakubwa wetu wa baada ya uhuru, isomeni wenyewe, hiyo yataka siku yake.

Binamu yangu aliniuliza, sasa ukishayajua yote hayo waweza bado kushukuru? Naweza. Nashukuru kwamba jahazi lile lilikamatwa. Kila nikiiona bahari pale Nyali nashukuru. Lakini shukrani yangu naipeleka kwanza kwa yule mtoto wa miaka kama 10 aliyevumilia njia ile yote asife, akakua, akazaa, akanyamaza na jina lake. Yeye ndo mtukufu wangu, na kama kuna kosa alilofanya maishani mwake, na atakuwa nayo, niko tayari kuambiwa.

Nimeandika yale majina sita kwenye karatasi hii, nilipiga nakala kabla ya ile ya asili kwenda kukaa kwa mjomba. Nilikusudia kuyasoma leo. Nimebadilisha nia nikiwa nimesimama hapa, manake mjomba amekuja. Amekaa pale karibu na feni, amekuja na fimbo yake kutoka Mji wa Kale ingawa aliniomba nisiseme, na yeye ndo mkubwa wa nyumba ile, si mimi. Mjomba, shikamoo. Karatasi hii hapa, na maiki hii. Nami nitakaa kitako nisikize, ukitaka kuyasoma, ukitaka kunijibu, ukitaka kunigombeza.